Nilivyokwenda Masakta Kumtafuta Mwenye Mbwa

Vijana wa nyumba yangu, na wengine wowote mtakaokishika kidaftari hiki, kaeni vizuri. Simu wekeni chini. Anayesoma huku anatafuna amalize kwanza kutafuna, halafu aanze upya. Mimi niliishia darasa la nne, na mwalimu alisema mwandiko wangu unafanana na uwanja walioparua kuku. Hilo silipingi. Lakini haya niliyoandika nimeyaona kwa macho yangu, mengine nimeyafanya kwa mikono hii, na machache yananitia aibu. Hayo ya aibu ndiyo nimeyaandika kwa herufi kubwa kubwa, kwa sababu na ninyi mnayo tabia hiyo, na mmeitoa kwangu.

Safari ilianza na simu ya Jumapili, nimetoka kanisani. Alikuwa mdogo wangu Yasinta, yule aliyeolewa Masakta kule Hanang, ambaye sasa ni mjane na anakaa peke yake na mbaazi zake.

"Dada shikamoo. Nimeng'atwa na mbwa."

"Marahaba. Lini?"

"Jumatano."

"Mbwa wa nani?"

"Simjui. Katoka kwenye mahindi, kaning'ata mkono, karudi kwenye mahindi."

"Umekwenda hospitali?"

"Nilichomwa sindano ya kwanza Alhamisi. Wakasema nirudi Jumamosi kwa ya pili."

"Ukarudi?"

"Dada, simu inaisha chaji." Akakata.

Yasinta akisema simu inaisha chaji, ujue anaficha kitu. Alikuwa hivyo hata kabla ya simu kuletwa duniani. Zamani alikuwa anasema anaitwa na mama.

Sikula siku hiyo. Nikiwa msichana nilimwona mtu mmoja aliyeshikwa na kichaa cha mbwa, na sitasimulia. Niseme tu kwamba ugonjwa ukishaanza, hakuna daktari wala dawa, mnakaa mnangoja. Nikaenda kwa mhudumu wa afya hapa kijijini kwetu Nambis, Mbulu. Akaniambia mambo mawili: sindano zimalizwe zote, na mbwa atafutwe. Mbwa akikaa siku kumi tangu alipong'ata akiwa mzima, basi siku ile hakuwa na ugonjwa mdomoni. Akipotea au akiuawa akazikwa, hakuna wa kutujibu. Kwa hiyo nilikuwa na kazi mbili Masakta: mkono wa mdogo wangu na mwenye mbwa. Na siku nne zilikuwa zimeshapita.

Sasa sikilizeni nilivyopata gari.

Juma lile palikuwa na wageni hapa Nambis wanachanja mbwa na kutibu punda. Alikuwepo bwana mifugo wetu Amsi, mtoto wa Daudi, na daktari wa wanyama mzungu, binti anaitwa Lotte, aliyekuja kujitolea. Nilimwuliza Amsi maana ya kujitolea. Akasema binti huyu kajilipia ndege mwenyewe kutoka kwao ili aje kung'atwa na mbwa wetu. Nikauliza, kwao hakuna mbwa? Kumbe wapo wengi, ila wanalala kitandani.

Walikuwa wameshapita uwanjani kwangu Ijumaa. Amsi akaniamkia vizuri, Lotte akaniamkia kwa Kiswahili cha kujifunza kitabuni, halafu Amsi akauliza: "Bibi, mbwa huyu ni wako?"

Mbwa mwenyewe, Polisi, alikuwa amelala juu ya mguu wangu wa kushoto.

Nikasema: "Simjui. Kaja tu."

Msinicheke. Wengi wenu mngesema hivyo hivyo. Kwetu sisi wa jembe, anayekubali mbwa amekubali na meno yake. Mbwa aking'ata, mwenyewe ndiye anaitwa barazani. Na mtu akija na daftari, hajawahi kuja kuleta, anakuja kuhesabu ili achukue. Kwa hiyo mbwa wetu wana wenyewe usiku ule fisi anapokuja tu. Kukikucha ni yatima. Lotte akaandika kwenye daftari lake, Polisi akanilamba kidole gumba cha mguu, na Amsi akageuka kutazama kitunguu saumu changu shambani kana kwamba hajawahi kukiona.

Jumatatu asubuhi nikawafuata pale wanapochanjia. Nilisikia kwamba kesho yake wanakwenda Masakta.

"Amsi, nipe nafasi kwenye gari."

"Bibi, samahani sana. Gari ni la wafanyakazi tu."

"Basi nipe kazi."

Akacheka. Wakati anacheka, Lotte alikuwa anazunguka mti wa tatu akimfukuza mbwa mmoja mwekundu kwa fimbo ya chuma yenye kitanzi, na watu wote wa Nambis wamekaa chini wanafurahi kama wako mpirani. Nikavua kitenge changu cha juu. Nikamwita mbwa kwa sauti ya chakula, akaja, nikamfunika kichwa kama unavyomfunika kuku wa kupeleka mnadani, nikaketi, nikambana kati ya magoti. Mbwa asipoona, anafikiri dunia imelala.

"Choma," nikamwambia Lotte.

Akachoma. Tukafanya mbwa sita kwa namna hiyo. Lotte akaitupa fimbo yake kwenye gari na kuniambia: "Bibi, wewe ni fundi."

"Fundi anakwenda Masakta kesho," nikasema.

Amsi akacheka tena, akakubali. Ndipo Polisi, ambaye hakuna aliyemwita, akaja akapanga foleni nyuma yangu. Lotte akamtazama, akanitazama. "Bibi, huyu ni yule ambaye humjui?"

"Huyo huyo. Mchanje, maskini, hana mtu wa kumsemea."

Akamchanja na kuandika kadi. Kwenye mstari wa mwenye mbwa akaandika: HAKUNA. Kwa kuwa hakuna wa kupewa kadi hiyo, alinipa mimi nimtunzie. Nikaifunga kwenye ncha ya kitenge.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka. Ukungu ulikuwa mzito na baridi inauma meno. Mimi mbele na kiroba changu cha vitunguu saumu, Amsi kwenye usukani, Lotte nyuma na boksi la barafu lenye chanjo. Polisi akatufuata mbio mpaka barabara kubwa.

"Bibi," Amsi akasema, "mbwa ambaye humjui anatufuata."

"Endesha gari."

Saa nne tulikuwa tumeshaipita Dongobesh. Pembeni ya shamba moja palikuwa na kundi la akina mama wamesimama mbali na uzio wa seng'enge, wengine wanatupa mawe. Lotte akapiga kelele gari lisimame. Kwenye waya alikuwa amenasa bundi mkubwa, bawa limechanika, macho kama vifuniko vya chupa.

Mnajua tunavyomchukulia bundi. Akilia juu ya bati, mtu anatoka na kijinga cha moto. Baba yangu angefufuka akaona nilichokifanya siku ile, angekufa tena papo hapo. Lotte alikata waya kwa koleo, akamshika yule ndege kwa mikono miwili, kisha akanigeukia na kunyoosha kidole kwenye kitenge changu.

"Hiki?" nikasema. "Hiki ni cha kanisani."

"Ni kama mbwa, Bibi. Asipoona, analala."

Alikuwa ameshika somo langu mwenyewe, nikakosa pa kutokea. Nikafungua ile kadi nikaihamishia kifuani, nikampa kitenge. Akamshona bundi pale pale kwenye bodi ya gari. Akasema mfupa haukuvunjika, ni ngozi tu na msuli kuvutika, akikaa siku chache penye giza ataruka. Akamtia kwenye boksi la sabuni lililotobolewa matundu. Halafu akasema huko nyuma gari linarusha sana, ndege ataumia, anahitaji kupakatwa.

Kwa hiyo, mimi Emiliana, mama wa watoto saba, mzee wa kanisa, niliteremka bonde la Dareda nikiwa nimempakata bundi. Kila kona alikuwa ananichungulia kwenye tundu kama mkwe anayekagua jiko. Nilisali sala zote ninazozijua, nikaanza tena. Amsi alikuwa anauma midomo asicheke, na mimi nilikuwa nahesabu kila alipoiuma.

Saa saba tulikuwa kwenye lami, mlima Hanang mbele yetu umevaa wingu kichwani, alizeti pande zote zimegeuza shingo. Huko jua ni kali kuliko kwetu; nikavua sweta la kwanza. Tukaiacha lami, tukala vumbi, na saa tisa tukaingia Masakta.

Yasinta alikuwa uwanjani anapepeta mbaazi kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa umeviringishwa kanga.

"Shikamoo dada!"

"Marahaba. Nyoosha mkono."

Matundu manne, makavu, hayanuki. Alisema aliuosha kwa sabuni. Hilo nilimsifu, na huwa sisifu ovyo. Akafurahia vitunguu saumu, akamkaribisha mgeni, halafu akaliona boksi.

"Humo mna nini?"

"Bundi."

Sijapata kumwona Yasinta akiruka kwa umri wake. Alirukia upande wa pili wa chungu cha maharage bila kukigusa. "Mtoe hapa! Dada, umetoka Mbulu na bundi? Huko kwenu zawadi zimekwisha?" Bundi akalala ndani ya gari, na Lotte akampelekea vipande vya nyama.

Jioni ile, tunakunywa chai, nikamwuliza mbwa aliyemng'ata alikuwa wa rangi gani. Akasema wa kahawia. Alipomimina kikombe cha pili akasema mweusi.

"Alikuwa anabadilika rangi huku anang'ata?"

"Ilikuwa ghafla, dada."

"Na mbwa wako Bosi yuko wapi? Mbona sijamwona?"

"Kafa. Fisi."

Alisema hivyo huku anakoroga sukari. Yasinta huyu alilia siku tatu kwa ajili ya kuku.

"Labda ni mbwa wa Mzee Gidamis," akaongeza haraka. "Wale wafugaji wa kule chini. Wana mbwa wengi."

Jumatano, saa moja asubuhi, siku ya saba tangu mkono ung'atwe, nikashuka na Amsi na Lotte kwenye boma la Mzee Gidamis. Ni Mbarbaig mrefu, mkavu, shuka lake begani. Niliingia na hasira yangu yote mkononi.

"Mzee, mbwa wako amemng'ata mdogo wangu Jumatano iliyopita."

"Kwanza kaa, mama. Maziwa haya hapa. Hasira ya mtu mwenye njaa mimi siisikilizi."

Nikanywa. Yalikuwa maziwa mazuri, yakanipunguzia kasi. Akapiga mluzi, na mbwa sita wakatoka pande zote za boma wakapanga mstari mbele yake.

"Hawa ni wangu. Wote. Yule wa sikio moja alimng'ata shemeji yangu mwaka juzi, nikasimama mbele ya watu nikasema ni wangu. Jumatano unayosema, wote sita walikuwa na ng'ombe kule bondeni, na mimi nilikuwa nao." Akanitazama chini juu. "Nyinyi watu wa jembe ndio mbwa wenu hawana baba. Mbwa anakula kwako, analala kwako, ukiulizwa unasema kaja tu."

Amsi akakohoa. Nikamtazama mpaka kikohozi kikapona.

"Na nikuambie jambo lingine," Mzee Gidamis akaendelea, sasa bila utani. "Siku chache kabla ya hapo, mbweha aliingia mchana kweupe upande wa juu, kwa mdogo wako. Mbweha anayetembea mchana na haogopi watu, mimi simpendi. Tulisikia amepigana na mbwa. Vijana wakamfuata wakamuua, wakamchoma moto. Lakini huyo mbwa aliyepigana naye, hatukumjua ni yupi."

Lotte aliposikia hayo aliacha kutabasamu. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Bibi, mbwa huyo lazima tumpate." Mzee Gidamis akawashika mbwa wake mwenyewe, mmoja mmoja, wakachanjwa, na kila kadi akasema jina lake kwa sauti.

Saa nne tukafungua kazi kwenye uwanja wa kijiji. Watu walijaa, mbwa walijaa. Lotte ameshika kalamu.

"Huyu ni wa nani?"

"Hatumjui."

"Na huyu?"

"Huyo anapitaga tu."

Nikawasikiliza, nikajisikia mimi mwenyewe, na haikunipendeza. Nikasimama juu ya ndoo.

"Ndugu zangu wa Masakta, vizuri sana! Mimi nimetoka Nambis. Kule tuna fisi wengi na mbwa wachache. Kama hawa hawana wenyewe, nashukuru, leo tunapakia." Nikamfunika kitenge mbwa mweupe aliyenona, nikamwinua, nikamwingiza kwenye gari.

Mzee mmoja akatoka kwenye umati anakimbia na kofia mkononi. "Aa, aa, mama! Huyo ni Simba!"

"Simba wa nani?"

"Wa... wa wajukuu."

"Wajukuu watamfuata Nambis."

"Wangu! Ni wangu mimi!"

"Sema kwa daktari, siyo kwangu."

Baada ya hapo ilikuwa fujo. Kila mtu anamkumbatia mbwa wake kama mtoto aliyetoka jeshini. Wawili waligombea mbwa mmoja, ambaye asubuhi alikuwa hana mwenyewe hata mmoja. Tulicheka mpaka Lotte akakaa chini. Lakini Yasinta alisimama pembeni na mkono wake, hakucheka, na katika mbwa wote wale hakuna aliyekuwa na jeraha la mbweha.

Saa kumi jioni tulirudi kwake. Jua lilikuwa limelichemsha gari, na Lotte akasema bundi atakufa. Apelekwe mahali penye giza na ubaridi.

"Stoo," nikasema. "Stoo ya mahindi." Nikachukua boksi.

"Siyo stoo!" Yasinta akanikatia njia. "Bundi kwenye chakula? Mahindi yataharibika!"

"Basi tumweke wapi? Chumbani kwako?"

"Haya. Chumbani kwangu. Mweke chini ya kitanda."

Nikasimama. Mwanamke aliyerukia ng'ambo ya chungu jana yake kwa kuona boksi tu, leo yuko tayari kulala juu ya bundi. Nikaliweka boksi chini taratibu, nikaelekea stoo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba fundo tatu. Ndani, kitu kikagonga gonga magunia. Mkia.

"Dada, usifungue." Hakupiga kelele. Aliniomba.

"Yasinta. Nani alikung'ata?"

Akakaa kwenye kinu. "Bosi. Mbweha alimchana sikio. Jumatano nilikuwa namsafisha kwa maji ya chumvi, nadhani yalimchoma, akageuka. Nimemfungia tangu siku ile. Nampa chakula kwa chini ya mlango."

"Kwa mkono?"

Akauficha mkono chini ya kanga.

"Kwa nini hukuniambia? Kwa nini umewadanganya hospitali?"

"Nikuambie wewe?" Hapo ndipo aliponitazama. "Siku ya harusi ya mwanao Paskali, mbwa wangu Tomi alimkwaruza mtoto kwa jino. Wewe ulisimama mlangoni ukasema, mbwa aking'ata asione jua la kesho. Hukuuliza alikanyagwa au hakukanyagwa. Walimpiga rungu nyuma ya choo, na mimi nikiwa jikoni nawapakulia wageni wako pilau. Ningesema hospitali ni wangu, wangekuja; ndiyo maana Jumamosi sikurudi, wasiniulize tena. Ningekuambia wewe, ungekuja na rungu."

Nawaambia ukweli, vijana. Mdogo wangu alikuwa ameamua bora aache sindano, aseme mbwa hamjui, ahatarishe roho yake, kuliko kunitajia mimi jina la mbwa wake.

"Nilijua ni mzima," akasema.

"Ulijuaje?"

"Namjua."

"Na mbweha, ulimjua?"

Nikamshika bega, yale ya kumsema nikayaacha kwa siku nyingine.

Lotte alitoboa nafasi kwenye ubao wa dirisha, akamulika kwa tochi. Bosi alikuwepo, sikio limekauka, mkia unapiga magunia. Akasukumiwa bakuli la maji kwa mti mrefu, maana mbwa mwenye kichaa hushindwa kunywa. Tulikuwa wanne kwenye dirisha lile, hakuna aliyevuta pumzi. Bosi akanusa, akatutazama, akanywa. Akanywa yote. Yasinta akapiga kigelegele.

"Bado," Lotte akasema. "Maji siyo ushahidi. Siku ndiyo ushahidi. Zimebaki tatu. Hakuna kumgusa, hata wewe, Mama Yasinta. Na sindano kesho asubuhi."

Usiku ule bundi alilala chini ya kitanda cha Yasinta. Alijaribu kukataa, nikamwambia amekubali mwenyewe mbele ya mashahidi. Mimi nililala chumba cha pili, usingizi mzuri kabisa.

Alhamisi, saa mbili, tulikuwa hospitalini Katesh. Nesi akafungua daftari. "Mama, ulichelewa sana. Mbwa amepatikana? Ni wa nani?"

Yasinta akanitazama. Nikatazama dari.

"Ni wangu," akasema.

Nesi akakata mstari wa zamani, akaandika mpya, akamchoma, na kumpangia tarehe zilizobaki. Hakuna aliyekuja na rungu. Yasinta alitoka pale anatembea kama mtu aliyetua kuni.

Ijumaa ilikuwa siku ndefu kuliko zote. Kila saa mtu alichungulia dirishani. Bosi alikula ugali, akanywa maji, akalala, akajikuna. Sikujua kwamba mtu anaweza kufurahi kumwona mbwa anajikuna. Jioni Mzee Gidamis akapanda na kibuyu cha maziwa.

"Nasikia mbwa amepata baba."

"Mama," nikasema. "Na maziwa yako weka hapo."

Siku hiyo, giza linaingia, Yasinta mwenyewe alilibeba boksi la bundi mpaka nyuma ya shamba, uso ameugeuza pembeni, na kulifungua. Yule ndege akakaa kidogo ukingoni, akatukagua mara ya mwisho, akaruka kuelekea mlimani bila hata kunirudishia kitenge katika hali niliyompa.

Jumamosi, siku ya kumi. Kabla ya jua kutoka tulikuwa dirishani wote. Lotte akamulika. Bosi alikuwa amekaa, ulimi nje, anasubiri chai yake. Lotte akamtazama muda mrefu, akamwita, akamsogezea chakula, akamtazama anavyomeza. Kisha akazima tochi.

"Mama Yasinta, siku ile hakuwa na ugonjwa mdomoni. Uko salama. Malizia sindano."

Yasinta alikaa chini mavumbini akalia, na mimi nilikwenda nyuma ya nyumba kuangalia kama mbaazi zimekauka. Zilikuwa hazijakauka, nikakaa huko mpaka nikawa sawa. Lotte akasema mbwa mwenyewe bado ana kesi na yule mbweha: atachanjwa, atafungwa mbali na watu, na kuangaliwa kwa miezi mpaka bwana mifugo aseme basi. Yasinta akasema hata mwaka atamfunga. Nilimshika Bosi kwa kitenge, kile kile, maana kilishaharibika, na Lotte alivaa glavu nene akachoma. Kwenye kadi, mstari wa mwenye mbwa, Yasinta aliandika jina lake mwenyewe, na akaomba kalamu tena aongeze la ukoo.

Jumapili tulisali alfajiri Masakta, saa mbili asubuhi tukaondoka. Njia ilikuwa ile ile, ila mapaja yangu yalikuwa mepesi. Lotte alisema akirudi kwao atawafundisha wenzake kitenge. Nikamwambia awaambie kimetoka Nambis. Kupanda bonde nilikuwa nafikiri juu ya Tomi, ambaye sikuuliza kama alikanyagwa, na juu ya amri yangu ile ambayo nilijisifia kwayo miaka mingi. Ilikuwa karibu imzike mdogo wangu, nami nisingejua kamwe kwamba ni mkono wangu. Watu wanaoogopa mdomo wa mkubwa wao watamficha hata kifo. Hilo ndilo nililojifunza, na nimelijifunza nikiwa na mvi tayari.

Saa kumi na moja jioni, Nambis. Polisi alikuwa amelala pale pale kwenye barabara kubwa alipotuacha. Mliniambia alikuwa anakwenda kila asubuhi na kurudi jioni kula. Akaruka juu ya gari kabla halijasimama. Nikatoa ile kadi kifuani, nikampa Amsi kalamu.

"Futa hapo palipoandikwa hakuna. Andika Emiliana."

"Bibi, kwani umemjua?"

"Andika, kijana, kabla sijakukumbusha kile kikohozi."

Halafu nikawaita wote uwanjani, wakubwa kwa wadogo, hata aliyekuwa anaoga, na nikatoa amri ambayo wengine mliisikia na wengine mnaisoma sasa. Nairudia hapa isije ikapotea. Amri yangu ya zamani juu ya mbwa imekufa, asiitaje mtu. Kuanzia leo, mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, amalize sindano zote. Mbwa afungwe, asiguswe, apewe maji, na siku zihesabiwe. Rungu likae nyuma ya mlango. Lililotokea niambiwe mimi wa kwanza, nami nitasikiliza mpaka mwisho kabla sijafungua mdomo. Na mtu yeyote akija hapa, awe na daftari au asiwe nalo, akauliza mbwa huyu ni wa nani, jibuni kwa sauti mpaka majirani wasikie: ni wa Bibi.